Hadithi ya Theluji Niliyoibeba Mpaka Ipuli

Vijana wangu, nimesikia yaliyowapata Goweko. Shangazi yangu Nyamizi alinipigia simu mwenyewe, akawa anacheka mpaka anakohoa.

"Maganga," akaniambia, "wale watoto wako wamekuja na miguu mitatu ya chuma, wakaisimamisha uani kwangu kama watu wa kupima barabara. Mmoja akasema, Bibi, hebu tusimulie hadithi, tuko tayari. Nikamwambia, mimi siko tayari. Karekodi kuku, naye ana mdomo."

Mkarudi Tabora na simu zenye chaji na zisizo na kitu ndani, mkaniandikia kuniuliza: Mzee, tumekosea wapi? Nimechelewa kuwajibu kwa miezi, kwa sababu nilikuwa na mzigo wa kufikisha kwanza.

Mmemuuliza mtu anayehusika. Katika Tabora nzima, na nadhani mpaka Kigoma, mtu mwenye stashahada ya lugha ya Waanishinaabe ni mmoja, na ndiye huyu anayewaandikia. Iko sebuleni kwangu Ipuli, juu ya televisheni, kwenye fremu niliyoinunua kwa pesa yangu. Hakuna mjomba aliyenilipia ada wala mkubwa aliyenishika mkono. Nimefanya kazi ya kukaa na wazee na kurekodi maneno yao mpaka nimestaafu, na kosa mlilolifanya Goweko nililifanya mimi kwanza, tena mbele ya darasa zima. Lakini nililifanya vizuri zaidi yenu.

Najua mnavyonong'onezana: huyu mzee anajua hadithi moja ya Amerika na hataki kutusimulia. Ni kweli. Mwaka jana mliniomba mwezi wa sita, mkaniomba mwezi wa tisa, nikawafukuza. Leo nitawaeleza kwa nini. Hadithi yenyewe hamtaipata humu, msipoteze macho kuitafuta.

Waanishinaabe ni wenyeji wa kaskazini ya Amerika, kwenye misitu na maziwa makubwa, waliokuwepo kabla Mzungu hajajua kama kuna nchi huko. Wana vyuo vyao wenyewe, katika ardhi iliyobaki mikononi mwa kabila, na humo wanafundisha uuguzi, uhasibu, ufundi, na lugha yao, kwa sababu lugha hiyo ilikuwa imebaki midomoni mwa wazee tu. Mimi sikwenda huko kusoma. Nilikwenda kupika.

Upishi niliuanzia jikoni kwa mapadre, upande wa Kipalapala, nikiwa kijana wa kukoroga uji. Bahati nasibu ya viza ya Amerika ikanitoa. Nikaosha vyombo katika mji mmoja mkubwa, nikachoka na mji huo, nikasikia kuna chuo cha kabila kaskazini kinatafuta mpishi. Wenzangu walisema huko ni baridi na hakuna Mwafrika hata mmoja. Nikasema basi nitakuwa mimi. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, alitoka Unyanyembe na mzigo begani akafika pwani, akarudi anaongea Kiswahili kama aliyezaliwa nacho. Mimi nani niogope njia?

Kilichoniingiza darasani ni kicheko. Kila siku saa ya chakula cha mchana walikuja wanawake wazee wawili, wakakaa meza iliyo karibu na dirisha langu la kugawia chakula. Walikuwa wanaongea taratibu kwa lugha yao, kisha wananitazama, kisha wanacheka mpaka wanafuta machozi. Nyinyi mngeudhika. Mimi niliwashwa na udadisi. Nikajiuliza: wanachekea nini hawa? Ningemuuliza mtu, angenijibu kwa Kiingereza, na kicheko kingefia njiani. Nilitaka nikisikie chenyewe.

Chuo kilikuwa kinaruhusu wafanyakazi kusoma somo moja bila ada. Somo la lugha lilianza baada ya mimi kumaliza sufuria za mchana. Nikavua aproni, nikaingia, nikakaa mbele. Aliyekuja kutufundisha kuongea, pamoja na mwalimu wa chuo, ni mmoja wa wale wazee wawili. Aliitwa Josette. Mimi nilimwita Bibi, naye akaitika. Alinitazama, akasema neno moja kwa lugha yake, akacheka peke yake.

Niwaambie jambo la kujisifu sasa, maana limekaa vibaya kifuani. Lugha ile inagawa vitu: vingine vinasemwa kama vyenye uhai, vingine kama visivyo na uhai, na kitenzi kinabadilika kufuata. Wenzangu, waliokulia Kiingereza, walikuwa wanakaribia kulia. Mimi nilikuwa naegemea kiti. Mtoto aliyekua na Kinyamwezi nyumbani na Kiswahili shuleni umtishe na makundi mawili ya majina? Nikawa nawafundisha wenzangu kwenye korido. Nilipendwa sana.

Kisha ikaja siku ya tumbaku, nikashuka mnazi kwa kifua.

Kwao, ukitaka mzee akufundishe kitu, hufungui mdomo na kuuliza. Unakwenda na tumbaku kidogo, wanaiita asemaa, unampa mkononi, unasema shida yako. Akiipokea, amekubali. Si ya kuvuta sigara. Anaiweka chini ya mti au anaitia motoni, anaomba nayo. Mwalimu alitueleza haya yote, nami nilisikiliza nusu, kwa sababu aliposema tumbaku, mimi nilikwisha kujiona mwalimu. Mimi ni mtoto wa Goweko! Nimezaliwa kwenye tumbaku, nimekua naning'iniza majani kwenye bani la kukaushia, nimelala juu ya magunia yake.

Siku hiyo tukasimama mstari, kila mmoja na pakiti yake, Bibi Josette amekaa kwenye kiti. Zamu yangu ikafika. Nikanyoosha mkono na pakiti. Naye akanyoosha wake. Na mkono wake ulipoigusa tu, pua yangu ikashtuka. Nikairudisha. Nikaifungua pale pale, nikatoa unyuzi, nikausugua kwa vidole, nikanusa. Nikanusa tena. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu kizuri:

"Bibi, samahani. Hii ni ya majani ya chini. Halafu waliikausha kwa haraka, walipandisha moto kabla jani halijageuka manjano. Kwetu sokoni mteuzi wa madaraja angeitupa pembeni. Nitakuletea nyingine."

Bibi alikuwa bado amenyoosha mkono, mtupu.

"Umemaliza kunusa?" akaniuliza.

"Nimemaliza, Bibi."

"Mimi sinunui. Unaponipa hii unaniambia kwamba una shida na kitu nilichonacho. Ninapoipokea nakwambia nimekusikia. Sasa wewe umenipokonya tulipofika katikati. Kwa hiyo mpaka hapa hujaniambia kitu, nami sijakusikia."

"Nikupe tena?"

"Kaa kwanza. Pumzisha pua."

Darasa lilicheka mpaka mlinzi akachungulia. Kuanzia siku hiyo jina langu chuo kizima likawa Mnusaji, kwa lugha yao, na mpaka naondoka kuna watu hawakuwahi kulijua jina langu lingine. Nilipewa nafasi ya kutoa tumbaku tena wiki iliyofuata. Nilifunga mdomo, na pua nikaielekeza pembeni.

Mmeona sasa ya kwenu? Nyinyi mlifika kwa shangazi mikono mitupu, mkaanza na chuma. Hamkusema hata mwangaluka, salamu ya asubuhi ya kwetu. Mtu anayeingia uani na kusema "tuko tayari" anaongea kama mteuzi wa sokoni.

Tuje kwenye ufundi wenyewe. Mwanzoni nilikuwa nakaa na Bibi Josette mezani, kifaa cha kurekodia katikati yetu kikiwaka taa nyekundu, namuuliza: kijiko mnakiitaje? mlango mnauitaje? Anajibu, anapiga miayo. Siku moja akaniambia, "Mnusaji, mimi ni mtu, si duka la maneno." Akavaa koti akaondoka.

Niliyempata kweli ni Bibi wa kwenye moto. Baridi ikianza kulegea, kuna mti wa kwao unaotoa maji yenye utamu wa mbali. Wanayakinga, wanayachemsha porini kwenye sufuria kubwa mpaka yawe asali, na wakizidisha yanakuwa sukari. Kazi yote iko kwenye moto. Ukiuacha upande, sukari inaungua. Ukiuacha ushuke, unaongeza siku. Vijana waliokuwa wanamsaidia walikuwa wanatupa kuni kama wanampiga mtu mawe. Nikamwomba mmoja anipishe.

Hapo, wanangu, Goweko ilifanya kazi. Kukausha tumbaku kwenye bani la zamani ni kulinda joto siku nzima na inayofuata na inayofuata, usilale, usizidishe, usisahau. Nimefanya hivyo tangu sijaota ndevu. Nikauweka moto wa Bibi ukawa kama kitu kilichofungwa kamba. Aliuzunguka, akautazama, akakaa chini karibu yangu.

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu na dada zake baba yangu."

"Na mlikuwa mnafanya nini mnapoulinda?"

"Tulikuwa tunasimuliwa hadithi," nikasema. Nilishangaa jinsi jambo hilo lilivyonitoka, kwa sababu nilikuwa sijalifikiria miaka mingi. "Ilikuwa msimu huo tu. Ukimwomba bibi yangu hadithi wakati wa kupalilia, alikuwa anakupa jembe."

Alicheka, akaanza kuongea. Aliongea kuhusu moto, mvuke, mume wake aliyependa kulamba mwiko, mbwa aliyetumbukiza mguu kwenye asali. Maneno ambayo ningeyatafuta mezani mwaka mzima yalikuwa yanatiririka. Nami nilikuwa nimetundika kifaa cha kurekodia kwenye kijiti juu ya sufuria, nikijiona mhandisi. Nilipokwenda kusikiliza, sikusikia Bibi. Nilisikia sufuria. Ilikuwa inatokota kutoka mwanzo hadi mwisho, na kifaa kikawa kinanata mpaka vitufe havibonyezeki. Tukarudia siku nyingine, kifaa kikiwa kwenye mfuko wa shati lake, mbali na mvuke, na kabla ya kuondoka nikasikiliza palepale. Andikeni hilo mahali: hamwondoki kwa mzee kabla hamjasikiliza mlichokirekodi. Mazungumzo hayo ya sukari ndiyo yaliyonipa stashahada, na chuo kikaniondoa jikoni kikaniajiri kazi ya kurekodi wazee.

Na kicheko? Nilikipata baridi ya pili. Nilikuwa nagawa supu, wale wazee wawili wako mezani kwao, na ghafla sentensi ikaniingia sikioni nzima nzima, bila kupita kwa Kiingereza. Mwenzake Bibi alikuwa anasema: "Leo amevaa kofia tatu, naona ndani ya nyumba yake theluji inaanguka." Nikaweka upawa chini, nikamjibu kwa lugha yao kwamba ya nne imo mfukoni. Yule bibi alipaliwa na supu. Katika maisha yangu yote sijapata ushindi mtamu kama ule, na nimeshinda mengi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Waanishinaabe wana hadithi za kuongea siku yoyote, na wana nyingine, zile kubwa, zinazosimuliwa theluji ikiwa chini tu. Theluji ikiyeyuka zinafungwa. Kila mtu alijua kwamba Bibi Josette anayo moja aliyoipata kwa bibi yake, ambayo hakuna mwingine aliyebaki nayo kwa urefu wake. Nilimpelekea tumbaku majira ya joto nikamwomba. Aliipokea, akasema, "Nimekusikia. Rudi theluji ikianguka."

Mwaka huo, majani yalipoanza kudondoka, akaugua. Aliugua kweli, mpaka kitanda chake kikahamishiwa sebuleni karibu na dirisha. Na theluji haikuja. Tulizoea kuiona mapema, lakini safari hii ardhi ilikaa imekauka, nyeusi, baridi tupu. Kila asubuhi nilikuwa naamka na kwenda dirishani kabla ya kuvaa viatu. Mimi, mtoto wa Goweko, nilikuwa naomba theluji! Mkuu wangu wa kazi akaniambia nenda na kifaa, mweleze hali ilivyo, atakubali, asipokubali tutapoteza. Nikaenda. Sikufungua mdomo kuhusu hadithi. Niliona namna anavyotazama nje, nikajua kwamba anasubiri kama mimi, na nikimharakisha nitakuwa nimempokonya tena mkono ulipofika katikati.

"Mnusaji," akaniambia siku hiyo, "unanusa nini nje?"

"Sinusi kitu, Bibi."

"Mimi nanusa."

Asubuhi yake ilikuwa nyeupe. Nilikwenda kwake mbio, nikianguka njiani kama mtoto. Alikuwa amekalishwa na mito, amechanwa nywele. Akatazama mfuko wangu wenye kifaa.

"Hicho kiache mlangoni. Hii unaibeba kichwani. Nyinyi si mlikuwa watu wa kubeba?" Nilikuwa nimemsimulia habari za babu zangu na misafara yao.

Alinisimulia kwa asubuhi kadhaa, kipande kwa kipande. Kila kipande alinifanya nikirudie. Nikikosea hata pumzi, alikuwa anainua kidole: "Bekaa." Maana yake, subiri. Kisha: "Miinawaa." Maana yake, tena. Bekaa, miinawaa, bekaa, miinawaa, mpaka nikawa nayasikia nikiwa naoga. Nilipoisema yote bila kusimamishwa, alifumba macho, nikadhani amelala.

"Si yako," akasema.

"Najua, Bibi."

"Ni ya Lena." Lena ni mjukuu wake, binti ya binti yake, aliyekuwa anaishi mjini na mama yake na hakutaka kusikia lugha ile hata kidogo. "Sasa hivi ukimpa ataitupa. Siku moja ataomba. Akiomba, umpe. Asipoomba, usimfuate nayo."

Nikamwambia nimekubali. Hakufika msimu wa sukari.

Mazishini nilimwona Lena, msichana mrefu, amesimama kando ya wengine. Nilimwambia, "Bibi yako ameacha kitu kwangu. Ukikitaka, kiombe theluji ikiwepo." Akasema "Sawa," kama mtu anavyomjibu mwuza vitu mlangoni, akaondoka.

Basi nikasubiri. Nilirekodi wazee wengine, nikafundisha vijana kurekodi, nikaona kaseti zikiondoka na simu zikiingia, nikazeeka vizuri, nikastaafu. Lena hakupiga. Nikarudi nyumbani na masanduku yangu na fremu yangu, na mzigo ambao haujafika.

Jirani yangu Hamisi hapa Ipuli hunichekesha. Aliposikia habari hii aliniambia, "Wenzako wanarudi na malori, wewe umerudi na ngano ya wenyewe. Si uiandike, umtumie, mambo yaishe?"

"Sikupewa karatasini, Hamisi."

"Na ukifa?"

Hapo ndipo aliponishika. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa kumi na mbili, wakati huko kwao theluji iko chini, nilikuwa natoka asubuhi natembea barabara ya kuelekea Kipalapala, naisema kimoyomoyo kutoka mwanzo hadi mwisho, midomo ikicheza, jua la Tabora likinipiga utosini. Waseminari wakawa wananiamkia kwa huruma. Najua walisema, mzee wa Amerika ameanza kupotea. Mwaka juzi nikafika mahali fulani katikati nikasimama. Sikukumbuka nani anaingia mlangoni. Nilisimama pale barabarani mpaka kundi la ng'ombe likapita lote. Nilikumbuka nilipokuwa nimekwisha kurudi nyumbani. Sikumwambia mtu, hata Hamisi. Ndiyo, mimi huyu mwenye kichwa kisichosahau.

Desemba iliyopita, baada tu ya nyinyi kufukuzwa Goweko, shangazi Nyamizi alikuja kwangu kutibiwa macho. Jioni moja alikuwa sebuleni anabambua karanga, mvua inapiga bati, nami natafuta habari kwenye televisheni. Simu ikalia, simu ya picha, namba ndefu ya ng'ambo. Nikaipokea. Mwanamke mtu mzima, ana miwani, nywele zimeanza mvi pembeni. Sikumtambua mpaka alipotabasamu kwa upande mmoja, kama bibi yake.

Alinisalimu kwa lugha yake. Alisema jina lake, ukoo wake na anakotoka, kama inavyotakiwa. Akasema amerudi kwenye ardhi ya kabila na sasa anafundisha watoto wadogo, na namba yangu amepewa chuoni. Alikuwa anakwama mahali, anatafuta neno, lakini hakukimbilia Kiingereza. Kisha akaigeuza simu dirishani. Nje kulikuwa kweupe, na nyingine ilikuwa bado inaanguka.

"Nimekuja kuomba," akasema. "Lakini sijui nikupeje tumbaku, na wewe uko Afrika."

Kila kitu kilikuwepo isipokuwa hicho, na bila hicho tusingekuwa tumekubaliana lolote.

Shangazi alikuwa ameacha karanga. "Huyo nani? Analia?"

"Ni mjukuu wa yule bibi yangu wa kule. Anataka nimpe kitu cha bibi yake. Inabidi anipe tumbaku kwanza mkononi, ndiyo desturi yao, sasa yuko mbali."

"Tumbaku tu?"

"Tumbaku tu."

Shangazi akavuta pindo la kanga yake, akafungua fundo kwa meno. Ndani kuna kipande cha jani, lile analosagia ugoro wake. Akaninyooshea.

"Mwambie namtolea mimi. Nami ni bibi vilevile."

Nikamwambia Lena. Akaitazama ile picha, mkono wa shangazi umenyooshwa, akaitikia kwa kichwa. Jani lilikuwa la chini kabisa ya mche, jeusi pembeni, limeshika unyevu. Nililipokea kwa mikono miwili. Sikunusa.

Kisha nikaanza.

Ile sehemu niliyokwama barabarani niliiona inakuja kwa mbali, kama mtu anavyoona korongo mbele. Nikaifikia, mlango ukafunguka, akaingia yule anayetakiwa kuingia. Lena alikuwa anasikiliza tu, nyuma yake theluji inaanguka. Nilipofika karibu na mwisho, nikavuta pumzi mahali pasipotakiwa. Yeye hakuwahi kuisikia hadithi ile. Lakini alikuwa amemsikia bibi yake akiongea utotoni, na sikio lake lilijua.

"Bekaa," akasema. Akainua kidole. "Miinawaa."

Nikarudia. Safari hii hakunisimamisha.

Tumefanya hivyo msimu mzima, yeye anarudia, mimi nainua kidole. Theluji ilipoyeyuka kwao alikuwa anaisema yote, na mimi sasa natembea barabara ya Kipalapala nikiwa sina kitu mdomoni, natazama ndege.

Lakini ile jioni ya kwanza, simu ilipozimwa, shangazi alirudi kwenye karanga zake.

"Sikuelewa hata neno," akasema. "Ila huyo bibi alijua mahali pa kunyamaza. Mama yangu naye alikuwa anajua." Akabambua nyingine. "Wale watoto wako waambie tumbaku yetu inaingia bani kila mwezi wa pili. Bani la kisasa halitaki watu wengi, kuni kidogo linajiendea lenyewe, tumebaki tunalinda peke yetu wazee. Waje walinde moto. Ile miguu ya chuma waiache kwako."

Kwa hiyo vijana, mwezi wa pili ujao nendeni Goweko. Mtakapofika mseme mwangaluka, mshike kuni, msizitupe. Na jani la tumbaku mtakalompa shangazi chagueni zuri mkiweza, lakini msimwambie daraja lake.